Uzi: Deizi za Kiafrika mahali pa nyasi. Nakuru zinakubali, Kisumu na Kakamega chagueni aina kwanza

Fundi_Nax

Wapenzi wa bustani, habari zenu. Mvua ikikaribia, wenye ploti za Kiamunyi, Naka na Lanet hapa Nakuru huniuliza jambo lile lile: mbele ya nyumba nipande nini ili niachane na kukata nyasi kila mara? Siku hizi nawajibu deizi za Kiafrika, zile zinazotambaa. Jibu hilo lina masharti, na masharti ndiyo yaliyonileta hapa, maana nawaona ndugu zetu wa Kisumu na Kakamega wakibeba miche iliyostawi Nakuru, ikifika kwao inanyong'onyea, kisha lawama anabebeshwa muuza miche. Mara nyingi muuzaji hana kosa. Mmea umepelekwa pasipo pake.

Tuanze na jina, kwa sababu kitaluni utauziwa mimea mitatu minne kwa jina moja. Yote ni ya ukoo wa alizeti na asili yake ni kusini mwa Afrika. Osteospermum ina petali nyeupe, za waridi au za zambarau, na kitovu cha buluu iliyokolea. Wataalamu wamezihamishia spishi nyingi za bustani kwenye jenasi ya Dimorphotheca, kwa hiyo ukikuta kibandiko chenye jina hilo, mara nyingi ni mmea ule ule. Gazania ni ya manjano, ya chungwa au nyekundu ya kutu, mara nyingi ina duara jeusi karibu na kitovu, na majani yake ni meupe upande wa chini. Arctotis ina majani ya kijivu yenye manyoya. Gerbera, ile ya kuweka kwenye chombo mezani, ni ndugu yao pia, lakini haitambai. Inakaa kishada kimoja pale ulipoipanda. Usiinunue kwa kazi ya kufunika ardhi.

Ninayoipenda kuliko zote kwa kazi hii ni Osteospermum fruticosum. Kwao ni kwenye machanga ya pwani ya Afrika Kusini, upande wa Eastern Cape na KwaZulu-Natal: jua kali, upepo wa bahari, na mchanga ambao mvua ikinyesha maji yanapita papo hapo. Shina lake linalala chini, na kila kifundo kinachogusa udongo wenye unyevu kinatoa mizizi. Kimo chake ni sentimita 15 hadi 30 tu, ila mche mmoja ukikubali unaweza kutanda mita nzima au zaidi. Ndiyo maana nauweka kwenye miteremko ya mtaro na kingo za njia ya gari, mahali ambapo mvua ya Aprili ilikuwa ikiuchukua udongo wote hadi barabarani.

Nakuru tumebahatika kwa mambo mawili. Kwanza udongo wetu mwingi umetokana na majivu ya volkano, ni mwepesi na maji hayatuami. Vumbi linalotusumbua Januari ndilo linalozifurahisha deizi. La pili ndilo kubwa. Mji huu uko kwenye mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, mchana jua, usiku baridi. Osteospermum inahitaji usiku wa baridi ili itunge matumba. Mchana ukiwa moto na usiku ukawa na joto pia, inaendelea kutoa majani, kijani kibichi cha kupendeza, na maua yanapungua hadi yanakoma. Mtu anaiongezea mbolea akidhani ina njaa, nayo inazidisha majani.

Sasa kabla ya kupanda. Hapa sitaki mtu anipite haraka, kwa sababu kazi nyingi za deizi nilizoitwa kuokoa ziliharibika kabla mche haujaingia ardhini. Adui ni sangari. Mizizi yake inatembea chini kwa chini, na kipande kilichobaki cha urefu wa kidole kinatosha kuanza upya. Deizi ikishafunga ardhi, huwezi tena kuingiza jembe bila kuikata. Unabaki ukivuta majani ya sangari kwa mkono, yanakatikia juu, na chini mzizi umekaa umetulia. Chimba kwa jembe la meno, si jembe bapa, ili mizizi itoke mizima. Ianike juani kwenye sakafu au bati hadi ikauke kabisa. Usiitupe kwenye mboji. Kisha mwagilia ile ardhi tupu, ngoja ile iliyobaki ichipuke, uifuate tena. Rudia mpaka uone hakuna kinachorudi. Ndago nayo ni hivyo hivyo, tena yeye ana viazi vidogo vilivyojificha chini zaidi, ukimvuta tu vinabaki. Asiyeweza kurudia kuchimba hivyo na afunike ardhi kwa nailoni nyeusi msimu mzima wa kiangazi kabla ya kufikiria maua.

Samadi weka kidogo, na iwe imeoza hasa. Samadi mbichi inaleta mbegu za nyasi ulizotoka kuzing'oa, na nitrojeni nyingi inakupa majani matupu. DAP au CAN ya kukuzia mahindi iache shambani.

Nafasi: deizi inayotambaa naiweka sentimita 45 hadi 60 mche hadi mche. Kwa sentimita 45 utahitaji miche mitano hivi kwa kila mita mraba, kwa 60 inatosha mitatu. Gazania haitandi sana, ipe sentimita 30, yaani miche kumi na mmoja hivi kwa mita mraba. Piga hesabu kabla ya kwenda kitaluni, maana watu wananunua miche sita kwa eneo la kuegesha magari mawili, kisha katikati wanapalilia hadi wanachoka. Panda mvua za masika zikiwa zimeanza kushika, ili mizizi ishuke kabla ya kiangazi. Katikati ya miche tandaza kokoto ndogo au pamisi, yale mawe mepesi ya volkano. Majani makavu na maganda ya mbao yanashika unyevu shingoni mwa mche, na shingo ikioza mche umekwenda.

Msimu wa kwanza mwagilia mara moja kwa wiki, maji mengi yashuke chini, asubuhi. Ukizoea kunyunyiza kidogo kidogo kila jioni, mizizi inabaki juu juu na ukungu unapata nafasi. Mmea ukishashika, hapa kwetu ambapo maji ya mfereji mara nyingine huja kwa zamu, utashukuru kuwa na kitu kisichodai ndoo kila siku.

Maswali karibuni.

Mama_Pacha_Lanet

Asante sana Fundi. Mimi nyumba yangu imezungukwa na ukuta, na upande wa lango kuna mjakaranda mkubwa. Nimesoma mahali kwamba zipandwe upande wa kusini wa nyumba ndiko kwenye jua. Kwangu kusini ndiko kwenye tangi la maji na kivuli. Nifanyeje?

Fundi_Nax

Mama Pacha, huo ushauri wa upande wa kusini umeandikwa na mtu wa Ulaya au Marekani, ambako jua mwaka mzima liko kusini kwao. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, Nakuru na Kisumu zote ziko kusini yake kidogo tu. Kuanzia mwisho wa Machi hadi Septemba jua la adhuhuri linapita upande wetu wa kaskazini. Kuanzia hapo hadi Machi linapita kusini. Kwa hiyo ukuta wa kaskazini una miezi yake ya jua na wa kusini una yake. Kitanda kilichobanwa na ukuta mrefu upande wowote kati ya hizo mbili kitakuwa na nusu mwaka ya kivuli, na deizi inataka jua saa sita au zaidi kwa siku.

Toka kwenye ukuta. Ukuta wa futi nane unatupa kivuli kifupi wakati wa adhuhuri hapa kwetu, ukiacha mita moja na nusu umeshapona. Ukiwa na nafasi ya mashariki iliyo wazi, ipe kipaumbele, kwa sababu ya mawingu ya alasiri.

Chini ya mjakaranda usipande deizi kabisa. Kivuli kinazizuia kufunguka, na yale maua ya mjakaranda yanayoanguka yanalala juu ya majani na kuozea pale. Hapo weka mmea unaopenda kivuli.

Zamu_Ya_Mchana

Mimi nina jambo dogo. Nilizipanda Section 58, zimekubali vizuri, majirani wanazisifu. Lakini natoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa moja usiku, na kila nikizitazama zimefumba. Je, zina ugonjwa?

Fundi_Nax

Hazina ugonjwa wowote, dada. Deizi hizi hufumba usiku na siku ya mawingu mazito, na asubuhi hazifunguki mpaka jua liwashe. Kwa saa zako za kazi, utaziona Jumapili. Zipo aina za chotara zilizozalishwa zikae wazi kwa muda mrefu zaidi, uliza kitaluni kabla ya kununua, lakini gizani hata hizo usizitegemee.

Nakushauri usizing'oe. Karibu na mlango ongeza kitu cha jioni. Yasmini itakupokea kwa harufu ukifika usiku, na deizi ziendelee na kazi yao ya kushika ardhi mchana. Au ukingo wa njia uweke gazania yenye majani ya fedha. Hata ikiwa imefumba, yale majani yanaonekana kwa taa ya lango.

Nyar_Nyamasaria

Fundi, mimi ndiye huyo uliyemsema, wa Kisumu. Nilileta deizi nyeupe za kitovu cha buluu kutoka huko kwenu. Udongo wangu ni ule mweusi wa Kano, kiangazi unapasuka mguu unaingia, mvua ikija unavuta viatu. Miche mingine ilioza, mingine ilibaki kijani tu. Baadaye kitalu kimoja cha kando ya barabara kikaniuzia deizi nyingine, wakasema hii ni ya Kisumu, ya manjano, inatambaa. Kweli ilitambaa! Imefunika kila kitu, imepita uzio, imeingia kwenye sukumawiki zangu. Maua ni madogo, ya manjano matupu. Je, hii ni ipi kati ya zile ulizotaja?

Fundi_Nax

Pole sana dada yangu, na asante kwa kueleza kwa makini namna hiyo, kwa sababu nimeijua bila picha. Angalia jani. Kama ni la kijani linalong'aa, lina meno makubwa mawili pembeni hivi kwamba linaonekana na ncha tatu, na ua lina upana wa sentimita mbili tatu tu, huo ni wedelia. Jina lake la kitaalamu ni Sphagneticola trilobata. Si deizi ya Kiafrika hata kidogo, kwao ni nchi za joto za Amerika. Uko kwenye orodha ya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi, ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Unapenda joto, unapenda maji, unavumilia kivuli, na kila kipande cha shina kinachoanguka kinaota. Ndiyo maana Kisumu unakwenda kasi.

Kuutoa: usiufyeke, utaupanda upya kwa fyekeo. Ung'oe kwa mkono udongo ukiwa na unyevu, kuanzia pembeni ukielekea katikati, ukusanye kila kipande kwenye gunia, ukauke juani ndani ya gunia au juu ya bati, uchomwe. Usiutupe mtaroni. Mitaro ya Nyamasaria yote inaelekea ziwani. Rudi kila baada ya mvua kung'oa kinachochipuka.

Kuhusu zile nyeupe: udongo ulioozesha ni jambo moja, ungeweza kuutengeneza. Joto la usiku huwezi kulitengeneza. Kisumu iko mita 1,130 hivi, pembeni mwa ziwa, na usiku kwa kawaida ni wa nyuzi 16 au 17 na zaidi. Deizi ile itakaa ikisubiri baridi isiyokuja. Achana nayo, nenda gazania. Hiyo inavumilia joto, inavumilia ukame, hata chumvi ya ardhini inaivumilia kuliko maua mengi. Isichovumilia ni miguu kukaa majini.

Kwa hiyo inua kitanda. Usichimbe shimo kwenye udongo mweusi ukajaza mchanga, maana maji ya pande zote yatakusanyika humo na mche utazama. Jenga juu ya ardhi, sentimita 25 au 30, kingo za mawe, ndani uchanganye mchanga wa mto, kokoto ndogo na mboji kidogo. Acha mwanya chini ya mawe maji yatoke.

Jamaa_wa_Riat

Naunga mkono gazania. Mimi niko juu huku Riat, mlimani Kisumu, udongo ni mawe kuliko mchanga. Gazania za chungwa ziko pembeni mwa ngazi zangu na hazijawahi kudai maji tangu zishike. Lakini Fundi, kwa wedelia sikubaliani na wewe moja kwa moja. Ukingo wangu wa nyuma ulikatwa na tingatinga, mvua ikija ulikuwa unaporomoka. Wedelia ndiyo iliyoushika. Gazania haingeweza. Mmea unaookoa nyumba ya mtu isianguke si wa kuchomwa.

Fundi_Nax

Ndugu yangu, umesema kweli kwamba wedelia hushika ukingo, na gazania peke yake kwenye ukingo uliosimama namna hiyo haitoshi. Sikuambii uing'oe kesho mvua zikiwa zinakuja, ukingo utaporomoka.

Ila tazama chini hapo ulipo, utaona Ghuba ya Winam. Magugu maji nayo yalipendwa kwa ua lake zuri la zambarau, yakatolewa Amerika Kusini na kusambazwa duniani kama pambo la madimbwi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 yakaonekana Ziwa Viktoria, na miaka ya 1990 wavuvi wa Dunga na Usoma wakawa wanashindwa kutoa mashua. Hakuna aliyekusudia vile. Wewe uko juu ya mlima, na maji yako yote yanateremka kwa watu.

Njia ninayoiona: panda mistari ya nyasi za vetiva ukifuata usawa wa ukingo, mstari juu ya mstari. Mizizi ya vetiva inashuka wima mita kadhaa, na ile inayouzwa kwa kazi hii haizai mbegu za kuota. Ikishashika, toa wedelia kipande kwa kipande kati ya mistari, na pale palipo wazi weka gazania. Ni kazi ya misimu, naijua, lakini ukingo hautabaki uchi hata siku moja.

Jamaa_wa_Riat

Hapo umenipata. Vetiva iko kwa jirani, nitaanza na mstari wa chini.

Baraka_Njoro

Fundi, mimi nafuga ng'ombe wawili wa maziwa na mbuzi. Kila ninachofyeka bustanini kinaingia kwenye hori. Nikishapogoa hizi deizi naweza kuwapa?

Fundi_Nax

Hapana! Baraka, ahsante kwa kuuliza kabla. Wafugaji wa Afrika Kusini wanajua tangu zamani kwamba spishi kadhaa za Dimorphotheca huua kondoo. Zina viini ambavyo vikivunjwa tumboni mwa mnyama anayecheua hutoa sianidi, sumu ile ile ya muhogo mchungu na ya mtama mchanga uliokatwa na ukame, ambayo watu wa Busia na Siaya hawahitaji kufundishwa. Mnyama anayechuma jani moja akipita si sawa na mnyama mwenye njaa aliyemwagiwa gunia zima horini, na hapo ndipo maafa hutokea.

Ulichopogoa kipeleke kwenye mboji, au tengeneza vipandikizi. Na kijana anayekusaidia kulisha mwambie waziwazi, kwa sababu yeye ataona rundo la kijani na atafanya alichozoea. Mbuzi wafungwe mbali na kitanda.

Mwalimu_Lurambi

Salamu kutoka Kakamega. Nimefuatilia uzi huu kwa makini na naona sisi wa msituni hatuna upande. Kwetu mvua hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka, alasiri karibu kila siku kuna radi. Usiku ni wa ubaridi kuliko Kisumu, kwa hiyo huenda matumba yakatunga, lakini naogopa kuoza. Je, nijaribu au niache? Pia sisi hukatakata majani ya tithonia tukayalaza shambani au kuyaloweka ndani ya pipa, ni mbolea nzuri sana kwa mahindi na mboga. Inafaa kwa deizi?

Fundi_Nax

Mwalimu, heshima yako. Umeliweka sawasawa. Kakamega ina baridi ya kutosha kuliko Kisumu na ina maji kupita kiasi, kwa hiyo shida yako inatengenezeka, si kama ya dada wa Nyamasaria.

Jaribu, lakini mahali pamoja tu: mteremko unaotazama mashariki, usio na mti juu yake. Kwenu asubuhi ndiyo yenye jua, alasiri mawingu yanajikusanya. Kitanda kinachotazama magharibi kitapata kivuli asubuhi na mawingu jioni, na maua yatafunguka kwa shida. Mteremko unamaliza suala la maji kutuama. Tandaza kokoto, acha nafasi pana zaidi, sentimita 60 au hata 70, upepo upite katikati. Msipande mwanzo wa mvua kubwa kama sisi. Ngojeni mvua zipungue kuelekea Novemba, mche ushike ukiwa na joto la kiangazi mbele yake. Maua yaliyonyauka yakatwe upesi, maana kwenye unyevu wa kwenu ndiyo yanayoanza kuota ukungu wa kijivu, kisha unahamia kwenye shina. Pakiwa bapa, usijitese: hapo nyasi za paspalamu zina haki yao.

Tithonia hapana, au kidogo sana. Majani yake yana nitrojeni nyingi, ndiyo sababu mahindi yanayafurahia na ndiyo sababu deizi itakuletea msitu wa majani. Maji ya pipa lile yaende kwa sukumawiki.

Mwalimu_Lurambi

Nimeelewa. Nina mteremko nyuma ya jikoni unaotazama jua linapochomoza. Hapo ndipo nitakapoanzia. Na ile sehemu bapa wanafunzi wangu wataendelea kuchezea mpira.

Mama_Pacha_Lanet

Fundi, nimerudi. Jirani yangu ana zile za zambarau, amenikubalia nichukue. Nichukue mbegu au nikate? Na zile nilizonunua zina vidudu vyeusi vidogo vimejazana kwenye tumba.

Fundi_Nax

Kata. Aina nyingi za bustani ni chotara, mbegu yake inaweza kukutolea rangi nyingine kabisa. Asubuhi chukua ncha changa isiyo na tumba, sentimita 7 hadi 10, kata chini kidogo ya kifundo, toa majani ya chini. Choma kwenye mkebe uliotobolewa chini wenye nusu mchanga na nusu mboji iliyochujwa, au mchanga na pamisi. Weka kivulini penye mwanga, udongo uwe na unyevu bila kulowa. Baada ya wiki tatu nne vuta taratibu. Ukihisi kimeshika, mizizi ipo. Kihamishie juani polepole. Njia rahisi zaidi ni kutafuta shina la jirani lililokwisha jichomea mizizi chini, ulikate lote na udongo wake.

Ukitaka mbegu kwa hamu ya kujaribu, ujue pa kuzitafuta. Kwenye osteospermum mbegu hutoka kwenye duara la petali za pembeni, kitovu hakizai. Ni kubwa, hazina manyoya, zinaanguka pale pale. Gazania ni kinyume: petali za pembeni ni tasa, kitovu ndicho kinachozaa, na mbegu zake zina manyoya ya kupaa na upepo. Kwa sababu hiyo gazania zimetoroka bustani na kuwa magugu huko Australia na California. Wenye nyumba zinazopakana na uzio wa Hifadhi ya Ziwa Nakuru nawaomba sana wakate vichwa vilivyonyauka kabla havijakomaa, na wasitupe takataka za bustani upande wa pili wa uzio.

Kama mche wa jirani ulikuja na kibandiko kinachosema aina hiyo inalindwa, kujipandia nyumbani si sawa na kuzalisha ya kuuza. Haki hizo za mzalishaji wa aina hapa Kenya zinasimamiwa na KEPHIS, shirika la serikali la afya ya mimea. Anayefikiria biashara aulize huko kwanza.

Hivyo vidudu ni vidukari. Vipige kwa maji ya mpira asubuhi, vikirudi tumia maji yenye sabuni kidogo, pulizia chini ya majani na kwenye vikonyo vya matumba, kabla jua halijawa kali. Ukiona vinarudi kila wiki, angalia kama hujazidisha mbolea. Vinapenda machipukizi laini.

Zamu_Ya_Mchana

La mwisho kutoka kwangu, Fundi. Zangu zilizotangulia, katikati zimekuwa vijiti vikavu, maua yako pembeni tu. Ni uzee?

Fundi_Nax

Ni uzee, ndiyo. Baada ya miaka miwili mitatu shina la katikati linakuwa mti na haliwezi tena kuchipuka vizuri. Usikate hadi kwenye vijiti vitupu, mara nyingi havirudi. Mvua zikishaanza, kata theluthi moja ya urefu wa matawi ukiacha majani ya kijani chini ya mkato. Matawi ya pembeni yaliyokwisha toa mizizi yachimbe, ng'oa ule mzee wa katikati, legeza udongo, ongeza mboji kiganja kimoja kwa kila mche, urudishe wale vijana katikati. Gazania nazo ukiona kishada kimeachia tundu katikati, chimba chote, kigawe kwa mikono, panda vipande vya nje.

Fanya hivyo sehemu moja kila msimu, siyo kitanda chote kwa pamoja, ili ardhi isibaki wazi wakati wa mvua na sangari isipate mlango.